CD11b imepanda. Kwa hiyo?

Kuna habari ya sayansi ambayo hurudi kwenye simu zetu kila baada ya muda: mmea fulani, au kemikali fulani, "imezigeuza seli za saratani ya damu kuwa seli za kawaida." Ukiifuata habari hiyo hadi kwenye ripoti ya maabara iliyoizaa, mara nyingi unakuta imesimama kwa mguu mmoja. Seli za saratani ya damu zinazokuzwa maabara, za ukoo uitwao HL-60, ziliwekwa kwenye dawa kwa siku nne au tano, jeni moja au mbili zikapimwa, na mojawapo, kwa kawaida ile inayotengeneza protini ya CD11b, ikaonekana imepanda. Nguzo mbili zimechorwa, moja fupi na moja ndefu, na juu ya ile ndefu vimewekwa vinyota vitatu vya kitakwimu. Basi, imekwisha hiyo.

Sisemi vipimo hivyo ni vya uongo. CD11b ikipanda, imepanda. Ninachokipinga ni mruko unaofuata, wa kutoka kwenye nguzo ndefu hadi kwenye neno "zimekomaa", na kutoka hapo hadi kwenye neno "tiba". Jeni ya ukomavu kupanda ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote za ushahidi. Uzito uko kwingine: nini kimezimika ndani ya seli, seli inaweza kufanya kazi gani, na je, dawa ikiondolewa, itarudi ilikotoka? Tena ushahidi wa hoja yangu unatoka palepale ambapo mbinu hii ya kukomaza seli ilifaulu kuliko mahali pengine popote.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Uboho wa mtu mzima hutoa nyutrofili, aina ya seli nyeupe za damu, zipatazo bilioni 100 kwa siku. Kila moja imepanda ngazi: imekuwa mieloblasti, kisha promielositi, kisha mielositi, hadi kiini chake kikajikunja vipande vipande na seli ikaacha kabisa kugawanyika. Nyutrofili iliyokomaa haizai. Inakwenda kupambana na bakteria, na baada ya muda mfupi inakufa. Katika lukemia kali ya mieloidi, aina mojawapo ya saratani ya damu, ngazi hiyo imekatika. Seli zimekwama kwenye hatua za utoto, na kwa kuwa hatua hizo ndizo za kuzaana, zinazaana bila kikomo mpaka uboho unakosa nafasi ya kutengeneza damu halisi. Mgonjwa hafi kwa sababu ana seli nyingi nyeupe tu; anakufa kwa sababu hana zile zinazofanya kazi, na chembe za kugandisha damu zimekwisha.

Hapo ndipo lilipozaliwa wazo zuri sana. Kama tatizo ni kukwama, kwa nini tuziue seli kwa kemotherapi inayochoma na vilivyo vizima? Kwa nini tusizisukume zikue, zizeeke, zife zenyewe? Mwaka 1971 huko New York, Charlotte Friend na wenzake walionyesha kwamba seli za lukemia ya panya zikiwekwa DMSO, kiyeyushi cha kawaida kilichoko kwenye kila maabara, huanza kutengeneza himoglobini kama seli nyekundu za heshima. Seli ya saratani, iliyodhaniwa imeharibika moja kwa moja, ilikuwa bado inakumbuka njia.

Miaka sita baadaye, 1977, Steven Collins, Robert Gallo na wenzao katika Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani walitangaza ukoo wa seli waliofanikiwa kuukuza kutoka kwenye damu ya mgonjwa mmoja. Ndio HL-60. Ulikuwa ukoo wa ajabu kwa utiifu wake. Ukiupa DMSO, seli zinafanana na granulositi, yaani kundi la seli nyeupe ambamo nyutrofili zimo. Theodore Breitman na wenzake waliupa asidi ya retinoiki, ndugu wa vitamini A, mwaka 1980, na matokeo yakawa hayo hayo. Vitamini D ya aina iliyo hai huzipeleka upande wa monositi, aina nyingine ya seli nyeupe. Kemikali ya TPA huzifanya zing'ang'anie sakafu ya chombo kama makrofaji, seli zinazomeza vijidudu. Seli moja, njia tatu, na kila njia ina jeni zake zinazowaka. Si ajabu maabara duniani kote ziliukumbatia, na ndio hadi leo unaotumiwa na mwanafunzi anayetaka kujua kama mchujo wa majani ya kwao una lolote.

Sasa viashiria. CD11b ni protini ya juu ya seli inayoisaidia nyutrofili kushika ukuta wa mshipa na kummeza adui. Jeni yake inaitwa ITGAM. Ni kiashiria kizuri, ila kinapanda kwa granulositi na kwa monositi pia, kwa hiyo peke yake hakikuambii hata seli imeelekea wapi. Ndiyo maana huongezwa CD14, ambayo ni ya upande wa monositi. Kuna CEBPE, jeni inayosimamia hatua za mwisho za granulositi. Kuna jeni za mtambo wa oksijeni kali, kama CYBB na NCF1, ambazo seli huzihitaji ili iweze kuua bakteria. Kwa upande mwingine kuna zinazotakiwa kushuka: MPO na ELANE, ambazo ni za promielositi, na juu ya zote MYC.

Ndani ya orodha hiyo fupi kuna mitego miwili ambayo ripoti nyingi huipita bila kuiona.

Wa kwanza ni CD38. Ukizipa HL-60 asidi ya retinoiki, CD38 hupanda ndani ya saa chache tu, kwa sababu kipokezi cha asidi hiyo hukaa juu ya jeni yenyewe na kuiwasha. Lakini seli hazijakomaa kwa saa chache. Kazi za Andrew Yen miaka ya 1980 zilionyesha kwamba kwa asidi ya retinoiki, HL-60 huhitaji kama saa 48, yaani takriban mizunguko miwili ya kugawanyika, ndipo zifike mahali ambapo hata ukiitoa dawa zitaendelea na safari. Kwa hiyo CD38 iliyopimwa siku ya kwanza inakuambia dawa imefika. Haikuambii kitu kingine.

Wa pili unaniuma zaidi, kwa sababu unahusu ukoo wenyewe. Nyutrofili halisi hubeba vifuko vya aina kadhaa, na vile vya awamu ya pili vina protini iitwayo laktoferini. HL-60 hata zikikomazwa kwa dawa bora kuliko zote, haziwashi jeni ya laktoferini. Zinafanana na nyutrofili kwa kiini, zinafanana kwa CD11b, zinapumua oksijeni kali, lakini hatua nzima ya ukomavu imerukwa. Kuvaa sare ya shule si kufaulu mtihani. Anayepima jeni zile tu ambazo HL-60 hujua kuziwasha hatakaa aione kasoro hii.

Halafu kuna suala la upimaji. Kipimo kinachotumiwa sana ni PCR inayohesabu RNA mjumbe, yaani nakala ambazo jeni inayofanya kazi huzitoa, na kila mzunguko mmoja wa mashine hiyo ni sawa na kuzidisha mara mbili. Ili kusawazisha, mtafiti huilinganisha jeni yake na jeni nyingine inayodhaniwa haibadiliki. Kwa mazoea ni GAPDH au aktini. Tatizo ni kwamba seli inayokomaa hubadilika karibu kila kitu. Inapungua ukubwa, RNA yake inapungua, matumizi yake ya sukari yanabadilika, na ile inayogeuka makrofaji inajenga upya mifupa yake ya ndani, ambayo ni aktini hiyo hiyo. Ikiwa GAPDH imeshuka kwa mzunguko mmoja tu, kila jeni nyingine kwenye jedwali itaonekana imepanda mara mbili bila kufanya lolote. Tangu 2009 kuna mwongozo wa kimataifa, MIQE, unaowataka watafiti waonyeshe kwamba jeni yao ya kulinganishia imetulia kweli katika jaribio lao. Fungua ripoti tano za mimea na HL-60 uone ngapi zimeonyesha.

Ila hayo ni ya kiufundi, na mtaalamu makini huyarekebisha. Kuna kosa moja ambalo si la kiufundi, ni la kufikiri, na ndilo ninalolilia katika makala hii.

HL-60 hazijakwama zote. Tangu mwanzo Collins na wenzake waliona kwamba sehemu ndogo ya seli, inayoweza kufika asilimia 10, hukomaa zenyewe bila kupewa chochote. Sasa chukua chombo chenye seli 100, ambapo 8 zimeshakomaa na 92 bado. Tia ndani yake sumu ya kawaida inayoua seli zinazogawanyika. Zilizokomaa hazigawanyiki, kwa hiyo sumu inazikosa. Tuseme seli changa 80 zimekufa. Zimebaki 12 changa na zile 8 za zamani. Jana zilizokomaa zilikuwa asilimia 8. Leo ni asilimia 40. Ukizivunja seli hizo zote pamoja na kupima RNA ya CD11b, nguzo yako itapanda kama mara tano, vinyota vitatu vitakuja vyenyewe, na utaandika kwamba mchujo wako unakomaza seli za lukemia. Hakuna hata seli moja iliyokomaa. Umeua tu zile nyingine.

Na hesabu hiyo ni ya upande mmoja. Kuna nyingine. Nguzo ikikuambia jeni imepanda mara kumi, haikuambii kama kila seli imeipandisha mara kumi, au asilimia 10 ya seli zimeipandisha mara 100 na zilizobaki zimelala. Wastani ni karibu uleule. Kwa mgonjwa, tofauti kati ya hayo mawili ni kubwa mno, maana kwa kawaida lukemia hairudi kutoka kwenye seli zilizotii. Inarudi kutoka kwenye zile zilizolala. Mashine inayopitisha seli moja moja mbele ya leza ingelitatua swali hilo kwa asubuhi moja. Hata kuhesabu tu seli hai na zilizokufa kila siku, kwa rangi ya tripani na hadubini, kungeonyesha kama idadi imeporomoka kabla ya "ukomavu" kutokea. Ni kipimo cha bei ya chini kabisa, na ni cha kwanza kuachwa.

Kwa hiyo nikipewa ripoti ya aina hii, macho yangu huenda kwanza kwenye kilichoshuka. MYC ni jeni inayoisukuma seli igawanyike, na katika HL-60 nakala zake zimeongezeka kupita kiasi. Dawa ya kweli ya kukomaza huizima mapema, kabla CD11b haijajitokeza. Mwaka 1986 David Bentley na Mark Groudine walionyesha namna inavyozimwa: mtambo wa kunakili unaanza kazi kama kawaida, kisha unasimama karibu na mwisho wa kipande cha kwanza cha jeni, hauendelei. Hilo ni tukio mahususi, si uchovu wa seli inayokufa. Seli iliyopandisha CD11b huku MYC yake ikiunguruma vilevile haijakomaa, imechanganyikiwa.

Twende Shanghai, maana hapo ndipo wazo la kukomaza lilipokutana na wagonjwa. Mwaka 1985 Wang Zhenyi na wenzake walimpa asidi ya retinoiki ya aina ya ATRA mtoto aliyekuwa na lukemia kali ya promielositi. Dawa hiyo ilikuwa ikitengenezwa nchini China kwa ajili ya magonjwa ya ngozi. Mtoto alipona. Mwaka 1988 kundi hilo lilichapisha wagonjwa 24, na wote 24 waliingia kwenye nafuu kamili, mmoja wao tu akiwa ameongezewa kemotherapi kidogo. Aina hiyo ya lukemia ilikuwa ikiogopwa kuliko zote kwa sababu huvuja damu. Mgonjwa angeweza kufa kwa kutokwa damu ubongoni kabla hata jina la ugonjwa wake halijaandikwa kwenye faili. Na sasa kidonge cha ngozi kilikuwa kinazikomaza seli zake ndani ya mwili, hadubini ikishuhudia.

Kisha sababu ikajulikana. Tangu 1977 Janet Rowley na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba katika ugonjwa huu kromosomu ya 15 na ya 17 hubadilishana vipande. Mwaka 1990 na 1991 makundi kadhaa, likiwemo la Hugues de Thé na Anne Dejean kule Paris, yaligundua kwamba mahali pa kukatika ni ndani ya jeni ya kipokezi cha asidi ya retinoiki yenyewe. Kipokezi kimeunganishwa na protini nyingine, PML, na mseto huo, PML-RARA, ndio unaoifunga ngazi. ATRA inakwenda moja kwa moja kwenye kufuli.

Hapa kuna jambo ambalo halisemwi vya kutosha. HL-60, ukoo ulioonyesha kwanza kwamba asidi ya retinoiki inakomaza seli za binadamu, hauna PML-RARA. Mwanzoni uliitwa wa lukemia ya promielositi, lakini mwaka 1988 wachunguzi waliurudia na kuuweka kwenye kundi jingine la lukemia ya mieloidi. Wagonjwa wa makundi hayo mengine walipopewa ATRA, maajabu ya Shanghai hayakutokea. Chomboni HL-60 zinaitii. Mwilini lukemia zinazofanana nazo zinaipuuza. Maabara ilielekeza kwenye dawa sahihi kwa sababu isiyo sahihi, na ilichukua ukoo mwingine, NB4, uliokuzwa na Michel Lanotte huko Paris na kutangazwa mwaka 1991, ndipo watafiti wakapata seli zenye mseto wenyewe.

Sasa tufike kwenye kiini cha hoja. Je, wagonjwa wa promielositi wanapona kwa sababu seli zao zimekomaa? Kwa miaka mingi jibu lilionekana wazi kiasi kwamba kuuliza kulikuwa ni ukorofi. Lakini dalili zilikuwepo. ATRA peke yake ilileta nafuu nzuri, kisha ugonjwa ukarudi kwa wengi baada ya miezi. Seli zilikuwa zimekomaa, viashiria vyote vilikuwa mahali pake, na bado kulikuwa na kitu hakijaguswa.

De Thé na kundi lake walilifuatilia jambo hili kwa ukaidi. Mwaka 2008 walionyesha kwa panya kwamba kinachofuta lukemia ni kuvunjwa kwa protini ya PML-RARA yenyewe, na kwamba ukomavu na uponyaji vinaweza kutenganishwa. Mwaka 2013 wakaja na jaribio ninaloliona la kukata mzizi: walitumia retinoidi za kutengenezwa, yaani kemikali za jamii ya asidi ya retinoiki, ambazo huwasha jeni za ukomavu bila kuivunja PML-RARA. Seli zilikomaa. Ungepima CD11b ungefurahi. Panya hawakupona, kwa sababu seli zinazoanzisha lukemia zilibaki na uwezo wao wa kujizalisha. Huo ndio mfano ninaoutaka kila mhariri wa jarida aubandike ukutani: jeni za ukomavu zote juu, na ugonjwa uko palepale.

Aseniki inalionyesha jambo hilo kwa upande wa pili. Zhang Tingdong na wenzake kule Harbin waliitumia tangu miaka ya 1970, wakitokea kwenye tiba ya jadi ya Kichina. Ikipimwa chomboni kwa seli za NB4, aseniki ya kiwango kidogo hukomaza nusu nusu tu, na kwa kiwango kikubwa huua. Kwa vigezo vya CD11b ni dawa ya daraja la pili. Lakini aseniki hushika upande wa PML wa ule mseto na kuupeleka ukavunjwe, na ikiwa peke yake huponya wagonjwa wengi kuliko ATRA ikiwa peke yake. Ziunganishe mbili: katika jaribio lililoongozwa na Francesco Lo-Coco na kuchapishwa 2013, kwa wagonjwa wasio wa hatari kubwa, asilimia 97 walikuwa hai bila ugonjwa kurudi wala tukio jingine baya baada ya miaka miwili, dhidi ya asilimia 86 kwa waliopewa ATRA na kemotherapi. Bila kemotherapi kabisa. Kama mwaka 1975 mtu angeichuja aseniki kwa kipimo cha jeni za ukomavu tu, pengine angeitupa.

Mtetezi wa viashiria ataniambia kwamba ninapiga vita jeni moja, wakati siku hizi hupimwa nyingi kwa pamoja. Ni hoja ya haki. Kimberly Stegmaier, Todd Golub na wenzao huko Boston walifanya hivyo mwaka 2004 kwa ufundi wa hali ya juu: walichagua kikundi kidogo cha jeni zinazotofautisha seli changa na zilizokomaa, wakazipitisha HL-60 kwenye kemikali 1,739, wakapata 8 zilizoiwasha alama hiyo kwa uhakika. Na hawakuishia hapo. Walithibitisha kwa kazi za seli kwamba zimekomaa kweli. Heshima yao. Mwaka uliofuata njia hiyo iliwapeleka kwenye gefitinibu, dawa iliyokuwa tayari ikitumika kwa saratani ya mapafu. Chomboni ilikomaza seli. Ilipopelekwa kwa wagonjwa wa lukemia ya mieloidi, ikiwa peke yake, haikuleta matunda. Kuongeza idadi ya jeni kunapunguza makosa ya kipimo. Hakubadilishi swali ambalo kipimo kinajibu.

Halafu kuna kurudi nyuma. Mwaka 2019 kundi la Ross Dickins la Australia lilionyesha katika panya kwamba seli za lukemia zilizokomazwa hadi zikafanana na nyutrofili, kwa kurudishiwa PU.1, protini inayoongoza ukomavu, zinaweza kushuka ngazi tena PU.1 ikizimwa, zikawa lukemia inayozaana. Tulizoea kudhani ukomavu ni mlango wa kutokea tu. Inaelekea katika seli hizi mlango huo unafunguka pande zote mbili.

Lakini nisiende mbali hadi nikadai kwamba ukomavu hauna thamani. Enasidenibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa lukemia yenye hitilafu ya jeni ya IDH2, inaonyesha pande zote mbili. Takriban wagonjwa 40 kati ya 100 waliokuwa wameshindikana kwa tiba nyingine waliitikia, na karibu 19 walifikia nafuu kamili. Na nyutrofili zilizojaa tena kwenye damu yao? Nyingi zilibeba ile hitilafu ya IDH2. Zilikuwa ni watoto wa lukemia waliokua. Kwa mgonjwa aliyekuwa akiugua maambukizi kila wiki, nyutrofili inayopambana ni nyutrofili, hata kama nasaba yake ni chafu. Hiyo ni faida halisi na sitaidharau. Ila muda wa wastani wa kuishi katika kundi hilo ulikuwa kama miezi 9, na hapo ndipo neno "zimekomaa" linapokutana na mpaka wake.

Narudi kwa mtafiti kijana wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala aliye na mchujo wake wa majani na chombo cha HL-60. Simkatishi tamaa, asidi ya retinoiki nayo ilikuwa tu vitamini iliyotiwa kwenye chombo. Ninachomwambia ni kwamba vipimo vinavyokosekana kwenye ripoti hizi ni vya bei nafuu kuliko vile vilivyomo. Kuhesabu seli hai kila siku hakuhitaji mashine. Kuzipaka rangi na kutazama umbo la kiini kunahitaji hadubini ambayo hospitali ya wilaya inayo. Kipimo cha NBT, ambapo rangi ya manjano hugeuka buluu iliyoiva ndani ya seli inayoweza kutoa oksijeni kali, ni cha miongo mingi na hakina gharama ya kutisha. Kuongeza ukoo wa pili, NB4 kwa mfano, kunamkinga na upekee wa HL-60. Na kuzitibu seli kwa vipindi mfululizo, akichukua RNA saa ya 4, ya 24, ya 48 na ya 120, kutaonyesha kama MYC ilishuka kabla CD11b haijapanda au kama kilichotokea ni vifo tu.

Ukiacha utafiti, kwa mgonjwa wa lukemia ya promielositi aliyeko kwetu leo, sayansi hii imeshamaliza kazi yake. Shirika la Afya Duniani liliiweka ATRA kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, na aseniki mwaka 2019. Miongozo inataka ATRA ianze siku hiyohiyo daktari anapoona promielositi zenye vijiti ndani yake chini ya hadubini, bila kungoja majibu ya kromosomu, kwa sababu damu inayovuja haingoji. Swali la hapo si la jeni. Ni kama kidonge kipo kabatini saa nne usiku.

Na kwa mchujo wa majani, kipimo cha mwisho ninachokitaka ni hiki. Seli zikishapewa dawa kwa siku tano, zioshwe, dawa iondoke yote, kisha zile zilizobaki hai zipandwe kwenye agari laini, jeli ambamo seli inayozaana huacha kundi la watoto wake liitwalo koloni, idadi sawa na ya seli zisizopewa kitu. Zisubiriwe wiki mbili. Seli iliyokomaa kweli haitatoa koloni. Zikitoa koloni nyingi kama zile nyingine, CD11b ya siku ya tano ilikuwa ni ya siku ya tano tu.